Sauti ya Mzee ni Amana

Wako wazee wenzangu wasemao kuwa vyombo vya michezo vya vijana ni upuuzi mtupu. Mimi sikubaliani nao.

Juzi, hapa Buruburu, Nairobi, kijana wa jirani alinijia na PSP yake, kile chombo cha mkononi kilichotolewa na Sony mwaka 2004. "Ami, niazime kompyuta yako." Ndani ya chombo mlikuwa na sauti ya marehemu babu yake akisoma Yasini, kompyuta iliyokuwa nayo mwanzo imekwisha kufa.

Tukaunga waya wa USB kwenye kompyuta ya mezani, akachagua USB katika menyu. Kadi ikafunguka kama kabati. Tukainakili sauti kutoka folda ya MUSIC, tukangoja imalizike, ndipo tukachomoa. Mwenye pupa huharibu faili.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu alinakili tenzi kwa kalamu na wino, na nyingi twazisoma leo kwa ajili ya mkono wake. Kazi ni ile ile. Si aibu amana kukaa katika chombo cha mchezo. Aibu ni kuiacha humo peke yake. Vijana, nakilini!