Mbwa Mkubwa Hufundishwa Kamba Angali Mdogo

Juma hili nataka tuzungumze habari ya mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Karani leo amekosa la kuandika." Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana jambo lenyewe lagusa uhai wa watoto wenu.

Mbwa wetu wa kienyeji si mkubwa. Hata akikaidi, kijana wa miaka kumi na miwili aweza kumshika. Lakini siku hizi ndugu zetu walioko mijini hutuletea mbwa wa aina nyingine ili walinde mji na mifugo: wale wa Kijerumani kama wa polisi, au wale wa Afrika Kusini waitwao Boerboel. Mtoto wa mbwa wa namna hiyo akifika ana majuma manane, mnene kama kibuyu, na watoto wambeba kama ndugu yao mdogo. Akivuta nguo ya mama, wote wacheka. Akiruka na kumwangusha mtoto, wasema, "Ana nguvu huyu, atakuwa mlinzi hodari." Baada ya mwaka mmoja au miwili yule dume wa Kijerumani ana kilo 30 hadi 40, na yule Boerboel aweza kupita kilo 60, yaani uzito wa mtu mzima. Sasa nani atamshika?

Twende kwenye siku ya chanjo. Bwana Mifugo amekuja na sanduku lake la barafu, ameketi chini ya mwembe, na tangazo lilikwisha kutolewa tangu juma lililopita. Nani waletwa? Waletwa mbwa wapole, wanaoongozeka. Yule mkubwa, mwenye meno na nguvu, abaki nyumbani kwenye mnyororo, na mwenyewe akiulizwa hujibu, "Yule hashikiki." Basi mbwa ambaye akiuma ataumiza kuliko wote, ndiye asiyechanjwa. Hili ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu.

Kichaa cha mbwa si maneno ya kutishia watoto. Kila mwaka huua watu wapatao 59,000 duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na karibu wote huupata ugonjwa huo kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, watu 40 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Ugonjwa ukishaonyesha dalili zake katika mtu, dawa ya kumponya hakuna. Karibu kila mgonjwa hufa. Walakini kinga yake yajulikana. Mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Sindano anayo Bwana Mifugo. Kumfikisha mbwa kwenye sindano ni kazi ya mwenye mbwa, na kazi hiyo haianzi siku ya chanjo. Yaanza siku ile mtoto wa mbwa alipoingia nyumbani.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Basi tuuwahi.

Kwanza, umri. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8. Tangu majuma 3 mpaka 14 hivi ndio wakati moyo wake u wazi. Kitu alichokiona kwa amani siku hizo hatakiogopa ukubwani, na mbwa asiye na hofu haumi ovyo. Mwonyeshe baiskeli, pikipiki, kuku, mbuzi, mzee mwenye mkongojo, mama mwenye mzigo kichwani, na watoto wa shule wenye kelele zao. Aone kwa mbali kwanza, apewe kitu kitamu, arudi nyumbani. Ila usimpeleke penye mbwa wagonjwa au wazururaji, kwani bado hana kinga.

Pili, ukanda wa shingoni na kamba. Tafuta ukanda wa ngozi au wa kitambaa kigumu. Usimfunge waya wala kamba nyembamba ya nailoni, itamkata shingo. Ukishamvika, vidole vyako viwili vipite chini ya ukanda bila shida. Na kwa kuwa mbwa wa aina kubwa hukua upesi, ukague kila juma na kuulegeza. Kamba ya katani ya urefu wa mita mbili yatosha.

Mvike ukanda wakati wa chakula. Atajikuna na kugaagaa kama mtoto aliyevikwa viatu vipya, mwache, atasahau. Siku ya tatu mfunge kamba nyepesi, aiburute uani huku wewe ukimwangalia asije akanasa. Halafu ishike ncha ya kamba na umfuate yeye anakokwenda. Akishazoea, rudi nyuma hatua mbili na kumwita. Akija, mpe papo hapo kipande cha dagaa aliyechemshwa, kadiri ya ukucha wa kidole. Nasema papo hapo, maana ukichelewa hata kidogo mbwa hajui unamlipa kwa lipi.

Sasa laja somo lenyewe. Umepata kumwona mtu akivuta mbuzi kwenda mnadani? Kadiri anavyovuta, ndivyo mbuzi anavyokaza miguu. Mbwa naye ni vivyo hivyo: ukivuta, naye avuta upande wake. Ukishindana naye kila siku, wamfundisha kuvuta, na nguvu zake zaongezeka kila mwezi lakini zako ni zile zile. Basi usivute. Anza kutembea naye. Akitangulia na kukaza kamba, simama kama mti. Usiseme neno, usimpige, usimburute. Atahangaika kidogo, kisha atageuka kukutazama au atarudi hatua moja, na kamba italegea. Hapo hapo msifu na uendelee na safari. Akikaza tena, simama tena. Akitembea karibu na mguu wako, mpe dagaa. Siku ya kwanza mtatumia robo saa kufika penye kisima kilicho karibu, na jirani watawashangaa. Vumilia. Mbwa hurudia neno linalomfaidia. Akiona kamba ikikazwa safari husimama, na ikilegea safari huendelea, atachagua mwenyewe kuilegeza.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo la mtoto mdogo liwe fupi na liishe angali analipenda. Kwa mbwa ni hivyo hivyo. Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zapita saa nzima ya Jumapili. Wala usimkimbize nyuma ya baiskeli ili achoke. Mifupa ya mbwa wa aina kubwa huchukua mwaka mmoja hata mwaka na nusu kukomaa, na mbio ndefu kabla ya hapo zaweza kumharibu viungo maisha yake yote.

Tatu, maneno yawe machache na ya nyumba nzima. Baba akisema "Njoo", mama akisema "Hebu hapa", na watoto wakipiga mbinja, mbwa huona yote ni kelele tu. Chagueni matatu: "Njoo", "Kaa", "Acha". Kumfundisha kukaa si kazi ngumu. Shika chakula juu ya pua yake na ukipeleke nyuma taratibu kuelekea masikioni. Kichwa kikiinuka, makalio hushuka. Akikaa, sema "Kaa" na umpe. Tangu hapo asipate chakula wala asifunguliwe mlango kabla ya kukaa.

Nne, adabu kwa watu. Twajua sote ile mithali: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini. Wengi huitumia kumlaumu mbwa, lakini mithali yamsema mtu aliyecheza naye. Mbwa mdogo akikurukia ukampapasa, umemfundisha kuruka. Siku atakapokuwa na kilo 40 atamrukia bibi yako mzaa mama atokapo shambani, naye ataanguka na kuvunjika nyonga. Basi akikurukia, geuka umpe mgongo, usimtazame. Miguu yake minne ikiwa chini, hapo mpapase. Akiuma mikono kwa mchezo, acha mchezo mara moja na kuondoka. Mpe kipande cha ngozi kavu au kigunzi cha kamba atafune badala yake, hasa kati ya miezi minne na sita anapobadili meno.

Fimbo je? Wako wanaosema mbwa bila fimbo hana adabu. Fikiri kidogo. Mbwa ametoroka, umemwita mara kumi, mwishowe amekuja, nawe wampiga kwa kuwa alichelewa. Amejifunza nini? Amejifunza kwamba kuja ni kupigwa. Kesho hatakuja kabisa. Na ukimpiga akiwa kwenye kamba, atachukia kamba, na siku ya chanjo akiiona mikononi mwako atakimbilia porini. Vilevile mbwa anayefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa huwa mkali kwa kila apitaye, hata kwa mtoto wa nyumba. Ukali wa namna hiyo si ulinzi. Mlinzi mwema hubweka mgeni akija na hunyamaza mwenyewe akisema "Acha".

Tano, fundisheni watoto pia. Mbwa anayekula asiguswe. Mbwa aliyelala asirukwe wala kuvutwa mkia. Jike mwenye watoto asisogelewe. Mbwa wa kando ya njia asitupiwe mawe wala kukimbiwa. Mtoto asimame wima, mikono kifuani, macho chini, mpaka mbwa apite. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata kama ni mpole namna gani.

Sita, fanyeni majaribio kabla ya siku yenyewe. Mzoeze mbwa wako kushikwa masikio, kufunguliwa mdomo, kuinuliwa nyayo, na kufinywa kidogo ngozi ya begani, kila mara akipewa kitu. Mwombe jirani naye amshike. Mpitishe kwenye kamba karibu na mbwa wengine bila kuwakaribiana. Akitimiza miezi mitatu, mpeleke kwa Bwana Mifugo. Na kama chanjo ya kijiji imekuja kabla ya hapo, usimwache nyumbani kwa kuwa ni mdogo, bali muulize Bwana Mifugo mwenyewe. Baadaye kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Mahali pengi chanjo hutolewa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo tangu mwaka 2007 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani. Siku hiyo mbwa mkubwa aongozwe na mtu mzima, asiongozwe na kundi la watoto, na cheti chake kihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine za nyumbani.

Mwisho, neno ambalo naomba kila baba na mama alishike kichwani. Mtu akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa, au akirambwa penye jeraha, hata na mbwa mnayemjua, oshea jeraha hilo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano kamili. Usilipake mafuta ya taa, wala majivu, wala dawa ya majani. Kisha nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, ukapate sindano, na urudi kila tarehe uliyopangiwa hata kama jeraha limepona. Ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu, na pengine zaidi, kabla ya kuonekana. Kwa hiyo kupona kwa ngozi si dalili ya usalama. Mbwa aliyeuma asiuawe na kufukiwa kwa haraka. Akiwa aweza kufungiwa bila hatari, afungiwe siku kumi, na Bwana Mifugo aarifiwe. Lakini akionekana kutokwa mate, kuyumba au kushambulia ovyo, msimsogelee, mwiteni Bwana Mifugo upesi.

Wengine watasema, "Karani, hizo dakika kumi kila siku nitazitoa wapi, nina shamba?" Mimi nasema utazitoa pale pale unapozitoa za kukaa kwenye kiti cha uvivu baada ya chakula cha jioni. Mtoto wa mbwa aliye mikononi mwako leo ana kilo saba. Mpe miezi sita hii ya kwanza, na mkeo ataweza kumwongoza kwa mkono mmoja mpaka chini ya mwembe.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari ya kuhifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu. Kwaherini, na wasalimuni watoto.