Baiskeli na Miguu Iliyoganda

Parkinson ikitajwa, wengi hufikiria mikono inayotetemeka tu. Ugonjwa huu una mengi zaidi. Mwaka 2010 daktari Bastiaan Bloem wa Nijmegen, Uholanzi, na mwenzake walichapisha kisa cha mwanamume wa miaka 58. Alijikongoja hatua chache, miguu ikaganda, akaanguka. Alipopandishwa baiskeli, aliiendesha barabara, akageuza na kurudi bila kuyumba. Aliposhuka tu, akaganda tena.

Miguu yenyewe ilikuwa mizima!

Kilichoharibika ni mawasiliano ndani ya ubongo. Katika shina la ubongo kuna eneo dogo jeusi ambalo seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia viini vilivyo ndani ya ubongo kuchagua mwendo upi uruhusiwe na upi uzuiwe. Seli hizo zikifa, ni kama breki imekaza kupita kiasi: hatua hufupika, uso hukosa bashasha, mwandiko huwa mdogo. Dawa ya levodopa hurudisha dopamini kwa saa kadhaa, kisha mgonjwa humeza dozi nyingine.

Hata hivyo, ubongo una njia zaidi ya moja. Mistari iliyochorwa sakafuni, au mdundo wa kuhesabu, huweza kumwondoa mgonjwa alipokwama, kwani macho na masikio huamsha mitandao mingine ya mwendo.

Kwa hiyo jamaa wasimkaripie mgonjwa aliyesimama mlangoni wakidhani anadeka. Wampe muda, wamhesabie "moja, mbili", na wasimvute mkono.