Ajali ina kinga: kile ambacho wamotari wa Kibati wanaweza kuchukua katika motokrosi

KIBATI, teritwari ya Nyiragongo – Ukitoka Goma kwa barabara ya taifa namba 2, ile ya kwenda Rutshuru, unapanda karibu mita 400 mpaka ufike Kibati. Kupanda si neno. Kazi iko kwenye kushuka. Asubuhi chukudu zinashuka na makala, viazi na kabichi za Kibumba. Malori yanashuka. Katikati yao pikipiki zinashuka pia: mumotari mbele, abiria wawili nyuma, pengine na mfuko wa maharagwe juu ya tanki. Na ukiacha barabara kubwa ukaingia vijia vya vijijini, unakuta mawe ya lava, vumbi jeusi wakati wa kiangazi, matope na vijito wakati wa mvua. Mumotari anasimama kidogo juu ya pedali, anarudisha kiuno nyuma, anachagua njia yake kati ya jiwe na shimo.

Katika nchi zingine ufundi huo una jina, una mashabiki na una vikombe. Unaitwa motokrosi, mashindano ya pikipiki juu ya udongo, vilima na matuta. Kibati hauna jina. Ni kazi ya kutafuta ugali wa watoto. Basi swali ni hili: namna gani mchezo, ambamo watu wanakimbia kwa nguvu na kuruka hewani, una kinga nyingi kuliko kazi ya kumpeleka mama sokoni?

Mchezo ulikotoka

Motokrosi ina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1924, pale Camberley kusini mwa Uingereza, waendesha pikipiki walishindana kwenye njia mbaya za vilima, mshindi akiwa yule aliyemaliza mbele tu, bila alama nyingine za ufundi. Wafaransa wakaupa jina kwa kuunganisha neno la pikipiki na lile la kukimbia porini. Mwaka 1947 yalianza mashindano ya mataifa, kule Uholanzi, na mwaka 1957 ukaja ubingwa wa dunia. Ubelgiji, nchi ndogo inayojulikana sana hapa kwa sababu zingine, ilitoa mabingwa wakubwa: Joël Robert alishinda ubingwa wa dunia mara 6, na Stefan Everts mara 10.

Siyo mchezo wa Wazungu peke yao. Uganda ina viwanja Garuga, karibu na Entebbe, na Busiika, upande wa Luweero. Kenya ina kiwanja cha Jamhuri, Nairobi. Watoto wadogo kabisa wanaanza na pikipiki za cc 50, halafu wanapanda daraja moja baada ya lingine. Waganda na Wakenya wanakutana kila mara, na kuna mashindano ya mataifa ya Afrika chini ya shirikisho la pikipiki la bara.

Lakini tuseme wazi: huko kote ni mchezo wa gharama. Pikipiki ya mashindano haibebi abiria wala mzigo. Haina taa, haina kioo cha kuangalia nyuma. Ina kiti kimoja. Ile ya daraja kubwa ina injini ya cc 450 na uzito wa kilo 110 hivi, na springi zake zinaweza kuzama karibu sentimita 30 ili kumeza tuta. TVS au Boxer ya Kibati ilitengenezwa kwa barabara ya kawaida. Springi zake hazifiki nusu ya hiyo, na bado inapewa mlima, mawe, watu watatu na mzigo.

Kwa hiyo kijana wa Kibati hawezi kutamani ile pikipiki. Haitamlisha. Kitu cha kutamani ni kile kinachouzunguka mchezo wenyewe.

Sheria nne za kiwanja

Ukiangalia mashindano ya motokrosi, unaona vumbi na fujo. Ndani ya ile fujo kuna utaratibu mkali.

Kwanza, wote wanakwenda upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mbuzi, hakuna mtoto anayevuka. Mashabiki wanakaa nyuma ya kamba.

Pili, kila pikipiki inakaguliwa mbele ya kuanza: breki, magurudumu, mshipi wa mafuta. Yenye kasoro haiingii.

Tatu, hakuna anayeendesha bila kaske, miwani, glavu na buti ndefu. Hata bingwa wa dunia hasamehewi.

Nne, kuna bendera. Kwenye kila kona ngumu anasimama mtu. Akitikisa bendera ya njano, maana yake mwenzenu ameanguka mbele: punguza mwendo, usiruke, usimpite mtu. Bendera nyeupe yenye msalaba mwekundu inasema waganga wako njiani. Bendera nyekundu inasimamisha kila kitu. Na waganga hawaitwi baada ya ajali. Wako pale toka asubuhi.

Watu wanapenda kusema ajali haina kinga. Motokrosi inaonyesha kinyume. Waendeshaji wanaanguka kila wiki, na walio wengi wanainuka, wanapangusa udongo, wanaendelea. Kuanguka hakuzuiliki. Kile kinachofuata baada ya kuanguka kinaweza kupangwa.

Barabara iliyopikwa na volkeno

Goma neno «moto» lina maana mbili: ule wa Nyiragongo na ile yenye magurudumu mawili. Hapa Kibati vyote viwili vinakutana. Ni hapa watalii walikuwa wanaanzia safari ya kupanda volkeno hiyo yenye mita 3470. Lava yake ilishuka Januari 1977, ikashuka tena Januari 2002 na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Ile ya 1977 ilikadiriwa kukimbia hadi kilomita 60 kwa saa katika sehemu za juu, mwendo wa pikipiki iliyo haraka.

Tarehe 22 Mei 2021 lava ilitoka jioni na kuikata barabara ya taifa namba 2 kaskazini mwa mji. Magari yalikwama pande mbili. Watu walivuka kwa miguu juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto, na baadaye njia ilifunguliwa tena juu ya lava ileile. Toka hapo kila mtu alielewa kwamba pikipiki na chukudu ndizo zinazobaki wakati mengine yote yanakwama. Mama mwenye uchungu wa kuzaa katika kijiji ambacho gari haliingii, hasubiri ambulansi. Anapandishwa pikipiki.

Vita nayo imepita hapa mara nyingi: 2008, 2012, 2013, na tena mpaka Januari 2025, wakati Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23. Kila mara biashara inavunjika, mabenki yanafunga, kazi zinapotea, na vijana wengi zaidi wanaingia kwenye taksi-moto, wengine bila kufundishwa hata siku moja. Kazi hiyo haidai diploma. Inadai pikipiki ya mtu na moyo mgumu.

Kwa nini wanakimbia

Ni rahisi kusema wamotari ni wazembe. Hesabu yao inasema kitu kingine. Wengi hawaendeshi pikipiki yao wenyewe. Kila jioni kuna pesa ya mwenye pikipiki, iwe mvua, iwe jua. Kuna esansi. Kuna kodi na pesa za vizuizi, yeyote yule anayeshika barabara. Kile kinachobaki ndicho cha nyumbani. Safari moja zaidi mbele ya giza inaweza kuwa tofauti kati ya kula na kulala njaa.

Katika miaka ya usalama mbaya, mamlaka za Goma ziliwahi kukataza pikipiki kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni. Sababu zilieleweka: mauaji na wizi wa usiku. Lakini saa inapowekwa kuwa ukuta, kila mtu anakimbilia ukuta huo. Saa kumi na moja na nusu mteremko unakuwa mashindano bila bendera: malori, chukudu na pikipiki, wote wanataka kufika kwa pamoja.

Hapo ndipo ufundi unamdanganya mwenye ufundi. Mumotari hodari ameshuka mara elfu bila kuanguka, basi anaona kaske ni uzito wa bure. Lakini ufundi wake hausimamishi lori lililokatika breki, na haumlindi abiria ambaye hana hata mahali pa kushika.

Kiwanja? Polepole kwanza

Mtu anaweza kusema: basi tupate kiwanja cha motokrosi hapa Kibati. Milima ipo, mawe yapo, vijana wapo. Wazo si baya, lakini linadai macho mawili.

Mahali palipopigwa vita mara nyingi panaweza kuficha mabomu na risasi ambazo hazijalipuka. Kuacha njia iliyozoeleka na kuingia kwenye nyasi kwa ajili ya mchezo ni hatari ambayo hakuna kikombe kinachoilipa. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse. Awaite wakubwa, nao wawaite wanaojua kazi hiyo.

Kuna pia mazuku, ile hewa mbaya inayokaa kwenye mabonde madogo ya lava na kuua bila harufu. Inajulikana zaidi upande wa Lac Vert na Bulengo, lakini funzo ni la watu wote wa volkeno: shimo la lava si mahali pa kuchezea. Na ardhi yenyewe ina wenyewe. Upande mmoja ni Hifadhi ya Virunga, upande mwingine ni mashamba ya watu ambao wamekwisha kupoteza mengi.

Kile kisichodai kiwanja

Kaske ndiyo mwanzo. Shirika la Afya Duniani liliwahi kutoa hesabu hii: kuvaa kaske vizuri kunapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Tena hakuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Gisenyi, hatua chache ng'ambo ya mpaka, mumotari anabeba abiria mmoja, na abiria huyo anapewa kaske yake. Mtu wa Goma akivuka anaivaa bila kulalamika. Akirudi anaisahau. Tabia hiyo siyo ya mumotari peke yake, ni ya abiria pia. Wanaochukia kaske iliyovaliwa na wengi wanaweza kuweka kitambaa chao kichwani kwanza.

Breki ndizo za pili. Mbele ya kushuka kutoka Kibati, dakika moja inatosha kukanyaga breki ya nyuma, kubana ya mbele, kutazama pine. Chama cha wamotari kinaweza kuifanya sheria ya kituo: ambaye breki yake haishiki hapewi abiria. Na mteremko unashukwa na gia ndogo, injini ikisaidia kushika. Anayezima injini ili kuchunga esansi anaacha breki peke yake mpaka zinapata joto na kuchoka.

Bendera, Kibati inayo tayari. Lori likiharibika kwenye kona, watu wanavunja matawi na kuyapanga barabarani, ili anayekuja ajue kuna shida mbele. Hiyo ndiyo bendera ya njano. Inabaki kuiheshimu: kuona majani na kupunguza mwendo, badala ya kupita kwa nguvu kama vile yamewekwa juu ya wengine.

Halafu huduma ya kwanza. Hospitali zinazojua kazi ya mifupa, kama HEAL Africa na CBCA Ndosho, ziko Goma, na barabara ni ndefu kwa mtu anayevuja damu. Wamotari ndio wanaofika kwanza kwenye ajali. Kumi tu kati yao wakifundishwa kubana kidonda, kufunga mguu uliovunjika kwa ubao, na kutomkunja mtu aliyeumia shingo juu ya pikipiki, Kibati itakuwa na waganga wake wa pembeni mwa njia. Somo linaweza kufanyika siku ya Mungu mchana, kwenye uwanja wa mpira, pamoja na mazoezi ya kufunga breki kwa vijana wapya.

Hayo yote hayatengenezi barabara. Anayechukua pesa kwenye barabara bado ana deni la mawe na udongo wa kujaza mashimo, na mwenye pikipiki ana deni la kubadilisha pine iliyokwisha. Mumotari hawezi kubeba mizigo ya wote watatu mgongoni.

Wasikilizaji wa Kibati, Munigi na Kibumba wanajua majina ya vijana ambao hawakurudi nyumbani jioni. Wengi wao hawakukosa ufundi. Kesho asubuhi, mbele ya kupanda nyuma ya mumotari, abiria anaweza kuuliza maneno manne: kaske yangu iko wapi? Akikosa jibu leo, keshokutwa atalipata, kama wote wanauliza.