Halijaanguka, si kusema liko nguvu

Batoto betu banajifunza C mu masomo ya informatike. Sisi bazazi tunaona tu vitu viwili: minerval tunayolipa, na mutoto anayekaa usiku mbele ya ordinatere akikunja uso. Kisha siku moja anarudi na machozi: programu yake imekatika ku mtihani. Tunamwambia: « Acha ile mambo, kuya ku karyere. »

Sisi tunasema hapana. Na sababu yake, muchimbaji ataielewa haraka kuliko watu wengi.

Tuchukue mutoto mumoja wa mutaa wetu. Aliandika programu ya kujumlisha uzito wa mifuko 10 ya madini. Mu C, programu ikihitaji nafasi mu kumbukumbu ya mashini, inaomba. Neno lake ni malloc. Ikimaliza kazi inarudisha. Neno lake ni free. Njo sawa vile taa ya mugodi: unashuka, unachukua taa; unapanda, unarudisha. Usiporudisha, kesho wenzako banakosa. Ukiandikisha mara mbili kwamba umerudisha, daftari linavurugika. Na ukirudisha lakini ukaendelea kuitumia, ujue mwingine amekwisha kupewa ile ile.

Kosa la huyu mutoto lilikuwa la mupaka. C inahesabu kuanzia 0, kwa hiyo mifuko 10 inakwenda 0 mpaka 9. Yeye aliandika mpaka 10. Hesabu ya 11 ikaangukia mu nafasi ambayo hakuomba. Na C haikusema kitu! Nyumbani jumla ilitoka vizuri, tukapiga makofi. Ku mtihani, kwa mashini nyingine, ikakatika: « Erreur de segmentation ». Akapewa 0.

Sisi tunajua mashimo. Shimo lisilo na miti ya kushikilia udongo linaweza kusimama wiki, linaweza kusimama mwezi, na kila anayetoka anasema: liko nguvu. Haliko nguvu, halijaanguka tu. Programu ya C iko vile vile. Siku ya kukatika haikuwa siku mbaya ya mutoto. Siku mbaya ilikuwa ile ya makofi.

Tusifikiri ni ujinga wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwezi wa ine 2014, dunia yote ilisikia kosa lililoitwa Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu inayolinda siri za watu ku intaneti. Ilikuwa ni C, na kosa la ukoo ule ule: programu ilisoma kupita mwisho wa nafasi yake. Iliandikwa na watu wenye ujuzi, na kosa lilikaa karibu miaka 2 bila kuonekana, kwa sababu kila kitu kilikuwa « kinatembea ».

Kwa hiyo tunaomba walimu jambo moja. Musifundishe C ku ubao peke yake, kisha mukatoa pointi kwa jibu la mwisho tu. Valgrind iko ya bure. Inaonyesha nafasi ambayo haikurudishwa na mahali programu ilipopita mupaka. Hata gcc iko na njia yake ya kukagua. Mutoto akiziona siku ya kwanza, atajua kupiga ukuta wa shimo kabla ya kuingia. Na aliyetafuta kosa lake mwenyewe akalipata, apewe pointi zake.

Kuko wanaosema: muwape Python, inarudisha nafasi yenyewe. Sawa, bajifunze na hiyo. Lakini mashini nyingi zinazotuzunguka, hata ndani ya mitambo mikubwa, zinatembea na C. Mutu wa kuzitengeneza lazima atoke mahali fulani. Kwa nini asitoke kwetu?

Na sisi bazazi, hata kama hatujui C, tuko na maulizo matatu ya kumuuliza mutoto kila jioni: Uliomba nafasi ya kiasi gani? Ulipita mupaka? Nani anarudisha, na mara ngapi? Akijibu bila kusita, apige makofi yake mwenyewe. Akisita, arudi ku mashini. Ku karyere, hapana.