Wokitoki Mbili na Chombo Kipitacho Juu ya Ziwa

Jumapili hii nimeziweka kando barua zote kwa ajili ya moja tu, iliyotoka Migori. Aliyeiandika ni msichana wa kidato cha tatu. Jina lake nalificha kama alivyoniomba, kwani, asema, baba yake naye hulisoma gazeti hili na hajui pesa za likizo zilikwenda wapi.

Kisa chenyewe ni hiki. Nyanya yake anaishi Nyatike, si mbali na Mto Kuja. Mvua kubwa iliponyesha, mto ukavunja kingo kama ilivyo desturi yake, stima zikapotea, na baada ya saa chache mnara wa simu nao ukanyamaza. Kwa siku mbili kaka yake, ambaye yuko chuoni mjini Homa Bay, hakujua kama nyanya yu hai au amechukuliwa na maji. Habari ilimfikia siku ya tatu, kwa kinywa cha mwendeshaji bodaboda. Tangu hapo kijana hana raha. Amenunua wokitoki mbili za bei rahisi, moja akamwachia dada yake Migori, ya pili akabaki nayo. Wameitana, wamepiga mayowe. Hakuna kinachosikika ila mchakacho. Ndipo rafiki mmoja alipomwambia kwamba redio hizo hizo zaweza kupeleka maandishi kwa kupitia chombo kinachozunguka angani.

“Tafadhali niambie,” aandika msichana, “huyu mtu anatucheza ama ni kweli? Na kama ni kweli, tubonyeze wapi?”

Hawachezi, mwanangu. Ni kweli tupu. Lakini kuhusu hapo pa kubonyeza, ngoja kwanza.

Tuanze na mchakacho. Ukipima kwenye ramani, toka mji wa Migori hadi mji wa Homa Bay ni kama kilomita 60 moja kwa moja. Mawimbi ya wokitoki husafiri kama mwanga wa tochi: hayapindi kona wala hayapenyi kilima. Mtu mzima akisimama mahali tambarare, upeo wake wa macho hauzidi kilomita tano hivi, kwa sababu dunia ni mviringo. Watu wawili waliosimama hivyo wataweza kusikizana kwa kilomita kumi, wakibahatika zaidi kidogo. Ongeza vilima vya upande wa Rongo katikati, na utaona kwamba hata mngepiga mayowe mpaka Krismasi msingesikizana. Kinachotakiwa ni mlingoti mrefu ambao nyote wawili mnauona.

Mlingoti huo upo, na urefu wake ni zaidi ya kilomita 400. Ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambamo wanaanga wamekuwa wakiishi kwa zamu bila kukoma tangu Novemba 2000. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 na ushei, kwa mwendo wa kama kilomita 28,000 kwa saa. Humo ndani mna redio ya ridhaa. Nasema ridhaa kama tusemavyo ndondi za ridhaa: watu wanaofanya kwa kupenda, si kwa malipo. Na wana-ridhaa si wageni huko juu. Setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961, miaka miwili kamili kabla ya uhuru wetu. Ilikuwa na uzani wa kilo nne na nusu hivi, na kazi yake yote ilikuwa kusema neno moja la salamu kwa alama za Morse.

Redio ya kituoni, inapowekwa katika kazi ya maandishi, husikiliza kwenye masafa ya megahezi 145.825. Maneno yako hugeuzwa kuwa milio miwili, wa chini na wa juu, inayobadilishana upesi mno. Ukiisikia utadhani ni mashine ya faksi iliyokabwa koo. Kompyuta huuita mlio huo mmoja kifurushi. Juu yake pameandikwa ametuma nani, amtumia nani, na kapitia wapi. Redio ya angani ikikipata kizima, hukirudia neno kwa neno kwenye masafa yale yale, na kila aliye chini akitega sikio hukisikia. Yote hayo huchukua kama sekunde moja. Kituo kikiwa juu ya Ziwa Viktoria, eneo linalokiona huanzia Khartoum kaskazini hadi Harare kusini. Homa Bay na Migori ni kama nyumba mbili za ua mmoja.

Hapa naomba unielewe vizuri, maana ndipo wengi hupotea. Chombo hiki ni mpiga mbiu aliyesimama kilimani, si tarishi. Akisikia, hutangaza papo hapo, kisha husahau. Ikiwa kaka yako amelala wakati huo, ujumbe umepita. Ni lazima wote wawili mwe macho kwa dakika zile zile.

Tarishi wa angani waliwahi kuwapo, na walitufaa sisi Waafrika. Katika miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown wa Marekani, lilitumia setilaiti ndogo zilizoundwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kupeleka barua na makala za matibabu kwa madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na kwingineko, wakati ambapo simu ya masafa marefu ilikuwa ghali na intaneti ilikuwa ndoto. Setilaiti ya HealthSat-2 ilirushwa Septemba 1993. Hiyo ilikuwa na kumbukumbu: ilichukua barua ikipita Ulaya, ikaishusha ikipita Afrika. Mbinu ilikuwa ile ile ya vifurushi, iliyokomazwa na wana-ridhaa.

Kabla ya kukujibu nilitaka kuona kwa macho yangu. Ninaye rafiki mwenye leseni; tukafuatana naye hadi Homa Bay, tukasimama ufuoni, na mwenzake, naye mwenye leseni, akakaa nje kidogo ya mji wa Migori. Rafiki yangu alikuwa na redio ya mkononi yenye uwezo wa wati tano, ya aina ambayo kompyuta ya vifurushi imo ndani yake. Kampuni za Kenwood na Yaesu zimeziunda. Wa Migori alikuwa na wokitoki rahisi kama ya kaka yako, iliyounganishwa kwa waya na simu yenye programu ya APRSdroid. Antena zao ndizo zilizonichekesha: paipu ya maji ya plastiki, na vipande vya ule utepe wa chuma wa kupimia wa fundi seremala. Basi. Kijirungu kile kifupi kinachokuja na wokitoki chaweza kusikia siku njema, lakini utepe wa seremala hukipita mbali.

Mara ya kwanza tuliaibika. Kituo kilipita chini sana, mlima wa Got Asego ukakaa katikati yetu nacho, na kwa dakika sita nzima tulisikiliza upepo. Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu walitutazama kwa huruma. Mtoto mmoja akauliza ni steshoni gani ya televisheni tunayoitafuta.

Mara ya pili, baada ya kama saa moja na nusu, kilipanda kutoka kusini-magharibi na kupita karibu na utosi. Tulikuwa tumesogea mahali peupe. Rafiki yangu aliielekeza antena, akaizungusha mkononi polepole kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa, kwa sababu mawimbi hufika yakiwa yamelala upande huu au ule. Kwanza kikaja kifurushi chenye alama ya mwito ya Afrika Kusini. Kisha, kwenye kioo cha redio, ikatokea alama inayoanza na 5Z4, ambayo ni ya Kenya, na chini yake maneno tuliyokuwa tumepatana kuyajaribu: “Nyanya yuko salama. Tumehamia shuleni. Maji yamefika zizini.”

Nimeyahesabu. Ni herufi 60, nukta na nafasi zikiwemo. Ujumbe mmoja hauruhusiwi kuzidi 67. Redio yetu yenyewe ikajibu kwamba umefika, na jibu hilo likapanda na kushuka Migori kabla rafiki yangu hajatabasamu. Sikuwa na nyanya Nyatike, lakini nakiri nilinyamaza kidogo.

Sasa yale ya kubonyeza. Sheria ya Kenya ya habari na mawasiliano ya 1998 hairuhusu mtu kutumia mtambo wa kurusha mawimbi bila leseni, na leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Usidhani ni ukaidi wa serikali tu. Wokitoki hizo za bei rahisi zaweza kuingia katika masafa ya polisi au ya wengine wanaookoa maisha, na mtu asiyejua hubonyeza kwanza ndipo ajue amevuruga nini. Kwa hiyo mwambie kaka azime zote mbili, aende kwa Mamlaka, na awatafute watu wa chama cha redio ya ridhaa cha Kenya, ambacho ni cha Nairobi. Wana moyo wa kufundisha, na mwenye leseni aweza kumwonyesha kazi hii kwa mkono wake mwenyewe. Leseni ndiyo humpa mtu alama ya mwito, na bila alama ya mwito kifurushi hakina mwenyewe.

Mambo mengine nitayapitia mbiombio. Hakuna siri hewani: wana-ridhaa hawaruhusiwi kuficha maana ya maneno yao, na baadhi yao huunganisha redio zao na intaneti, hivi kwamba ujumbe wako waweza kusomwa hata Japani. Namba ya siri ya M-Pesa usiipeleke huko. Biashara pia ni mwiko. Najua wako watu wa Homa Bay watakaofikiria upesi bei ya omena, nao nawaambia hapana. Lakini wakati wa maafa, kanuni za kimataifa za redio huwaruhusu wana-ridhaa kupeleka habari za watu wengine hata kuvuka mipaka. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipoibomoa mitambo ya simu ya Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba wana-ridhaa 50 wakasaidie. Hao walitumia redio kubwa zaidi, si wokitoki, lakini ujuzi ni wa shina moja.

Na sitakudanganya kuhusu upungufu wake. Kwetu karibu na ikweta kituo huonekana kama mara nne au tano kwa siku, nyingine zikiwa za chini kama ile iliyotuaibisha, na kila moja ni dakika kumi au pungufu. Ratiba yaweza kupigiwa hesabu siku kadhaa mapema, hivyo mnaweza kuiandika karatasini kabla ya mvua. Redio ya kituoni nayo huzimwa mara kwa mara, kwa mfano wanaanga wanapotoka nje kufanya kazi. Tena kituo hakitadumu. NASA wamepanga kukitumia hadi 2030, kisha kishushwe baharini, ingawa setilaiti nyingine ndogo za ridhaa zimekuwa zikifanya kazi hiyo hiyo kwenye masafa hayo hayo.

Kwa hiyo nyanya asitupe simu yake. Kwa siku mbili zile za giza, hata hivyo, chombo kingepita juu ya Nyatike mara nane kwa uchache, na zaidi ya mara moja kikiwa juu vya kutosha.

Kwa wenye kudhani mambo haya ni ya Wazungu: setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa kutoka katika kituo hicho hicho tarehe 11 Mei 2018, kupitia chumba cha Wajapani kiitwacho Kibo.

Umeniuliza pia kama umweleze baba kuhusu zile pesa. Mweleze, na umweleze kabla ya Jumapili ijayo, maana fomu ya leseni nayo haijazwi bure. Ukipata alama yako ya mwito, niandikie. Wa Homa Bay walioniuliza juu ya redio za sola, barua zenu ninazo.