NANI ANAKULA AKIBA YETU?

Ndugu wafanyakazi,

Mabwana wenye mifuko ya uwekezaji hutuambia kwamba ada yao ni "asilimia mbili tu." Haya, tupige hesabu! Shilingi 100,000 zikizaa asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka 30 ni 761,000. Zikizaa 5, kwa kuwa bwana amekata 2 zake, ni 432,000. Jasho ni letu, shibe ni yake!

Je, ada hiyo ni lazima? Hapana! Huko Marekani, mwaka 1993, ulianza mfuko wa namna nyingine. Vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa, nao hufuata tu bei za makampuni makubwa 500, bila bingwa wa kuchagua. Soko likishuka nao hushuka, lakini ada yake leo haifiki senti 10 kwa shilingi 100 kwa mwaka. Wateja walipohama, wenye mifuko ya zamani walishusha bei. Mwaka 2018 kampuni ya Fidelity ilitoa mifuko ya kawaida isiyo na ada kabisa. Mbona zamani walisema haiwezekani?

Basi waulizeni wadhamini wa pensheni yenu: Tunakatwa ngapi? Analipwa nani? Asiyejibu asichaguliwe tena.

Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hukimaliza pia!