Kalamu ya Waziri na Mizani ya Jaji

Jioni za Jumapili pale Mama Ngina, penye mibuyu, mihogo ya kukaanga na madafu, mabishano ya siasa hayakosi. Majuzi nilimsikia kijana wa chuo akiwaambia wenzake ya kwamba mahakama ni mali ya serikali, na mnyonge aendaye huko hupoteza nauli yake bure. Sikumlaumu. Fort Jesus, ambayo leo watalii hulipa ili waingie, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, na kumbukumbu kama hizo hurithiwa. Hata hivyo, nahofia ya kwamba kijana yule hajazisoma hukumu mbili zilizotolewa papa hapa Mombasa.

Ya kwanza yahusu Mombasa Republican Council, yaani MRC, kundi lililovuma kwa kauli ya "Pwani si Kenya". Mwezi wa Oktoba 2010 waziri wa usalama wa ndani alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kundi hilo, pamoja na mengine zaidi ya thelathini, ni haramu chini ya sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. Kwa tangazo hilo, mtu aliweza kuwa mhalifu kwa uanachama tu, hata kama hajamgusa mtu. Kesi ikafikishwa Mahakama Kuu ya Mombasa, na tarehe 25 Julai 2012 majaji watatu wakalibatilisha tangazo hilo kwa upande wa MRC.

Mimi si mfuasi wa MRC. Naamini kwamba kuitenga Pwani na Kenya kungewaumiza kwanza wale wale wanaolilia mashamba ya babu zao. Lakini ndiyo sababu hasa naithamini hukumu ile. Majaji hawakuulizwa kama madai ya kujitenga yana haki. Swali lilikuwa kama serikali ilikuwa na ushahidi wa kutosha wa kulipiga kundi zima marufuku. Kifungu cha 24 cha Katiba ya 2010 chataka haki ibanwe kwa sheria, tena kwa kiasi, na mzigo wa kuthibitisha haja hiyo umo mabegani mwa mwenye kubana. Serikali haikuweza kuubeba. Ilikata rufani, na mwaka 2016 ikashindwa tena.

Wapo wasemao kwamba huo ulikuwa ushindi wa karatasi, maana Oktoba 2012 viongozi wa MRC walikamatwa huko Kwale. Sikubaliani nao. Kumkamata mtu kwa kosa lililotajwa, akafikishwa kortini ajitetee, si sawa na kumharamisha kwa kalamu ofisini Nairobi.

Hukumu ya pili ilizaliwa na msiba. Baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2015, serikali iliyaorodhesha mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa miongoni mwa waliodaiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Hasira ya taifa ilikuwa ya haki. Lakini hasira si ushahidi. Mnamo Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe. Miezi yote hiyo, nani aliwasimamia waliotafuta ndugu zao katika vituo vya polisi? Hapo kijana wa Mama Ngina ana hoja: haki ilikuja, lakini ilikuja kwa mwendo wa jahazi lisilo na upepo.

Nina ombi kwa walimu. Hukumu hizi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili, ilhali Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na ya taifa. Mwanafunzi wa Kibokoni au Likoni anaweza kumaliza shule bila kusikia hata aya moja ya hukumu iliyotolewa umbali wa kutembea kutoka kwao. Chagueni kurasa mbili tatu za ile ya 2012, mzifasiri pamoja darasani, kisha wagaweni wanafunzi: nusu waitetee serikali, nusu MRC.